Usiku wa Ijumaa, Saa Tatu: Historia Fupi ya Tarehe Katika Kompyuta

Wengi wenu mnakikumbuka kijitabu cha masimulizi ya wazee ambacho chama chetu kilikitoa mwaka jana. Tulikwenda nyumba kwa nyumba hapa mjini kwetu Marekani, tukarekodi sauti za wazee waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Tuliandika maneno yao na kuyaingiza katika hifadhidata pamoja na majina ya mahali na tarehe walizozitaja, halafu tukachapa. Siku ya kugawa kijitabu, bibi mmoja mzaliwa wa Tanga alikipokea kwa mikono miwili akamwomba mjukuu wake amsomee ukurasa wake. Mjukuu akasoma mpaka akafika mahali palipoandikwa kwamba marehemu mume wake alifariki "Jumamosi, tarehe 3 Aprili 2010, saa tisa usiku".

Bibi akamkatiza. "Jumamosi? Mume wangu nilimzika Ijumaa, baada ya sala. Kwani nilimzika kabla hajafa?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tulirudi kwenye rekodi ya sauti. Maneno yake yalikuwa wazi kabisa: "Alitutoka usiku wa Ijumaa, saa tatu, tarehe nne mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili na kumi." Hakukosea neno hata moja. Aliyesikiliza rekodi aliandika alichokisikia, aliyeingiza katika hifadhidata aliingiza alichoandikiwa, na aliyepanga kurasa alinakili alichokiona kwenye skrini. Kila mmoja alitimiza kazi yake kwa uaminifu, na mwisho wake tukamfisha mzee wa watu siku nyingine, mwezi mwingine na saa nyingine.

Makala haya ni jaribio letu la kulijibu swali la bibi. Tulidhani tutatafuta kosa la mtu mmoja. Badala yake tumejikuta tukisoma historia ya zaidi ya miaka 50 ya namna kompyuta zinavyohesabu wakati, na namna zinavyotuonyesha wakati huo.

Namba moja, sura nyingi

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba kompyuta haiweki tarehe kama sisi tunavyoiandika daftarini. Inaweka hesabu. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo wa Unix, ulioundwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani, kina tarehe 3 Novemba 1971. Ndani yake imeelezwa kwamba wakati unahesabiwa kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1971, kwa vipande vya sekunde: sekunde moja ina vipande 60. Nafasi iliyotengwa kwa ajili ya namba hiyo ilikuwa ndogo, na kwa mwendo huo ingejaa baada ya siku 828 hivi, yaani miaka miwili na miezi michache. Baadaye wakaanza kuhesabu sekunde nzima badala ya vipande, na mwanzo wa hesabu ukawekwa tarehe 1 Januari 1970, saa za Greenwich. Mwanzo huo ndio unaotumika hadi leo katika kompyuta nyingi duniani.

Kwa hesabu hiyo, ile saa ambayo mume wa bibi alifariki ni 1267725600. Hizo ni sekunde zilizopita tangu mwanzo wa 1970 mpaka usiku ule wa Tanga. Namba hii haina Jumamosi wala Ijumaa, haina Machi wala Aprili, na haijui Tanga iko wapi. Ni kama fundo katika kamba ndefu.

Hata hivyo, hakuna mtu anayeweza kusoma fundo hilo kwa macho. Ndiyo maana tangu mwanzo palihitajika programu ndogo ya kuigeuza namba kuwa tarehe inayosomeka. Lugha ya C iliposanifishwa Marekani mwaka 1989, ndani yake palikuwamo kazi iitwayo strftime. Unaipa wakati pamoja na kiolezo chenye alama: %Y kwa mwaka, %m kwa mwezi, %d kwa siku, %H kwa saa za kuanzia 0 hadi 23, %I kwa saa za kuanzia 1 hadi 12. Unazipanga upendavyo, nayo inakupa maandishi. Alama hizo zimerithiwa na lugha nyingi zilizofuata, Python ikiwa mojawapo.

Basi kuna vitu viwili ambavyo sisi tulivichanganya: wakati wenyewe, na sura ya wakati. Wakati ni mmoja. Sura ni nyingi, na kila sura ina kwao.

Ugomvi wa siku na mwezi

Tukiandika 4/3/2010, msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au London atasoma tarehe 4 Machi. Msomaji wa New York atasoma tarehe 3 Aprili. Hakuna aliyekosea, maana kila mmoja amesoma kama alivyofundishwa shuleni kwao. Tatizo ni pale karatasi moja inapopita mikononi mwa wote wawili.

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko kompyuta, lakini kompyuta ziliufanya uwe wa hatari kwa sababu karatasi zilianza kusafiri haraka. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa pendekezo mwaka 1971 na kisha kiwango mwaka 1976, kwamba tarehe ianze na mwaka, ufuate mwezi, kisha siku. Mwaka 1988 likakusanya viwango kadhaa vya tarehe na saa katika kimoja, ISO 8601. Kwa mpango huo, tarehe ya bibi ni 2010-03-04. Uzuri wake ni kwamba haimpi ushindi Mwingereza wala Mmarekani. Pia, ukizipanga tarehe hizo kama maneno ya kamusi, zinajipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati.

Kiwango kilipopatikana, tungetarajia ugomvi uishe. Haukuisha, kwa sababu hifadhidata nyingi zilikwisha kuzaliwa, na kila moja ilikuwa na desturi ya nyumbani kwake.

Oracle, ambayo hifadhidata yake ilianza kuuzwa mwaka 1979, kwa muda mrefu ilikuwa ikionyesha tarehe kwa mpango wa siku, herufi tatu za jina la mwezi kwa Kiingereza, na tarakimu mbili tu za mwaka: 04-MAR-10. Mpango huo unaficha mambo mawili. Kwanza, karne. Mwaka 2000 ulipokaribia, ilibidi iwepo kanuni ya kukisia: tarakimu 00 hadi 49 zihesabiwe za karne hii, 50 hadi 99 za karne iliyopita. Pili, na hili lilitushangaza zaidi, tarehe ya Oracle ndani yake ina saa, dakika na sekunde, lakini kwa sura ile ya kawaida hazionekani. Mtu anaweza kuangalia safu mbili za 04-MAR-10 akaamini zinalingana, kumbe moja ni ya asubuhi na nyingine ni ya usiku. Dawa yake ni amri moja ya kubadilisha mpangilio uitwao NLS_DATE_FORMAT. Asiyejua kwamba kuna kilichofichwa hatakuwa na sababu ya kuitafuta amri hiyo.

MySQL nayo, kabla ya toleo la 4.1, ilionyesha muhuri wa wakati kama mkufu wa tarakimu 14 bila nafasi wala kistari: 20100304210000. Ukitaka, ungeweza kutaja upana wa kuonyesha, ukapata tarakimu 8 tu, yaani mwaka, mwezi na siku. Kuanzia 4.1 sura ikawa ile inayosomeka, yenye vistari na nukta mbili.

Nani mwenye kuchagua sura?

Sasa tufike kwenye hifadhidata tuliyoitumia sisi, PostgreSQL. Ilianza mwaka 1986 kama utafiti wa Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikiitwa POSTGRES. Katikati ya miaka ya 1990 wanafunzi wawili wa hapo, Andrew Yu na Jolly Chen, waliipa lugha ya SQL na kuiita Postgres95. Pamoja nayo ilikuja programu iitwayo psql: dirisha lisilo na picha wala vitufe, ambamo unaandika amri kwa mstari, unabonyeza, na jibu linakuja chini yake. Mwaka 1996 jina likabadilishwa kuwa PostgreSQL. Tunafurahi kutaja kwamba kazi hii ilibebwa na wanafunzi.

PostgreSQL ina mpangilio uitwao DateStyle, nao una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni sura ya kuonyesha, na ziko nne. Hizi hapa sura zote nne za wakati mmoja, ule wa usiku wa Tanga, kama unavyoonekana kwenye kompyuta iliyowekwa saa za New York:

ISO: 2010-03-04 13:00:00-05
SQL: 03/04/2010 13:00:00 EST
Postgres: Thu Mar 04 13:00:00 2010 EST
German: 04.03.2010 13:00:00 EST

Sehemu ya pili ni utaratibu wa siku, mwezi na mwaka: MDY kwa wanaotanguliza mwezi, DMY kwa wanaotanguliza siku, YMD kwa wanaotanguliza mwaka. Hapa ndipo tuliponaswa. Utaratibu huu hauhusu kuonyesha peke yake. Unahusu pia kusoma kile unachokiingiza. Unaweza basi kuwa na mpangilio wa "ISO, MDY": unachoonyeshwa ni cha kimataifa, safi, mwaka mbele; lakini unachoandika wewe kinasomwa Kimarekani. Kwa kawaida utaratibu huo huchaguliwa siku hifadhidata inapoundwa, kwa kufuata lugha na nchi iliyowekwa katika kompyuta. Kompyuta yetu iliwekwa ya Kimarekani. Hakuna mwanachama aliyeulizwa.

Mwenzetu aliyeingiza data alilelewa na wazazi wa Mombasa. Aliandika 4/3/2010 kama alivyoona baba yake akiandika maisha yake yote. Programu ikaipokea bila kusita, ikaonyesha 2010-04-03. Kwa kuwa ilianza na mwaka na ilikuwa na vistari vizuri, wote tuliiamini.

Laiti mzee angefariki tarehe 14! PostgreSQL ingesoma 14/3/2010, ikaona hakuna mwezi wa 14, ikakataa, tena ingetudokeza kwamba pengine tunahitaji DateStyle nyingine. Hatari iko katika siku 12 za mwanzo wa kila mwezi. Tumefanya hesabu: 12 mara 12 ni 144, toa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 5/5. Zinabaki tarehe 132 katika kila mwaka ambazo zinaweza kugeuzwa bila programu kusema neno.

Hifadhidata nyingine zimempa mtumiaji uchaguzi huo kwa njia tofauti. Cassandra, iliyoanzia Facebook na kutolewa kwa umma mwaka 2008, ina programu yake ya mstari wa amri iitwayo cqlsh, iliyoandikwa kwa Python. Inahifadhi muhuri wa wakati kama milisekunde tangu 1970. Katika folda ya mtumiaji kunaweza kuwekwa faili dogo la mipangilio liitwalo cqlshrc, na katika sehemu ya mwonekano unaweka mistari miwili: mmoja wa kiolezo cha tarehe, kwa alama zilezile za strftime, na mwingine wa saa za eneo unalotaka. Faili ni la kwako. Mwenzako aliye kompyuta ya pili, akiuliza swali lilelile kwa hifadhidata ileile, anaweza kuona sura nyingine kabisa. Tunaona hii ni heshima kwa mtumiaji, lakini inadai adabu: ukimtumia mwenzako ulichokiona, mwambie pia ulikiona kwa mpangilio gani.

Saa za nani?

Kosa letu la pili lilikuwa la saa. Bibi alisema saa tatu usiku. Kila mmoja wetu, akiongea na mama yake, anajua kwamba saa tatu usiku ni ile ambayo saa ya ukutani ya Kizungu inaonyesha 9. Lakini mkono ulipokuwa kwenye kibodi, akili ilihamia Kiingereza, na 3:00 ikaandikwa. Halafu mpangaji wa kurasa, ambaye ni hodari wa Kiswahili, aliona 03:00 kwenye skrini akatafsiri inavyostahili: saa tisa usiku. Tafsiri yake haikuwa na kasoro. Alitafsiri kosa kwa ufasaha.

Kosa la tatu hatukuliona mpaka tulipokwenda kurekebisha. Kwa kuwa hatukutaja ni saa za wapi, PostgreSQL ilichukulia kwamba ni saa za hapa tulipo. Basi mzee wa Tanga akawa amefariki alfajiri ya Marekani, wakati Tanga ni saa nne asubuhi. Ukijumlisha makosa yote matatu, tulimwongezea mzee siku 29 na saa 13 za uhai. Laiti zingekuwa za kweli.

Ili kompyuta ijue saa za wapi ni zipi, inatumia orodha kubwa ya kumbukumbu iitwayo tz, iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980 na kuendelezwa na watu wanaojitolea. Tangu 2011 inatunzwa chini ya IANA, chombo kinachosimamia majina na namba za intaneti. Ndani yake kila eneo lina jina la mji: America/New_York, Asia/Muscat, Africa/Nairobi. Ukiitaja Africa/Dar_es_Salaam utaelekezwa kwenye Africa/Nairobi, kwa sababu leo miji hiyo inafuata saa moja.

Tulipoichimba Africa/Nairobi tulikuta historia ya ukoloni imejificha ndani ya mipangilio. Ukiiuliza PostgreSQL ionyeshe tarehe ya mwaka 1900 kwa saa za Nairobi, mwishoni inaweka +02:27:16, yaani saa mbili, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Hiyo ni saa ya jua la Nairobi lenyewe, kabla serikali haijaamua vingine. Ukiuliza mwaka 1941, inaonyesha +02:45. Naam, kulikuwa na wakati ambapo saa ya Kenya ilipishana na Greenwich kwa saa mbili na robo tatu. Baadaye ndipo ikatulia kwenye saa tatu kamili tunazozijua. Kwa hiyo mzee akikuambia jambo la utoto wake miaka hiyo, ukaliingiza kwa saa za leo, utakuwa umemhamisha kwa robo saa bila yeye kujua.

Saa ambayo haina alama

Tukajiuliza: kati ya alama zote za strftime, ni ipi inayoonyesha saa kama bibi anavyozihesabu? Hakuna. Tarehe za Kiswahili zipo. Majina ya siku na miezi yameingizwa katika data za lugha zinazotumiwa na simu na kompyuta nyingi, na yametengewa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Unaweza kuitaka kompyuta iandike "Ijumaa" nayo ikaandika. Lakini saa inayoanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na ikaanza tena jua linapotua, haikupewa alama.

Hata hesabu ya siku haikubaliani na yetu. Kwa ISO 8601, siku ya kwanza ya wiki ni Jumatatu, na PostgreSQL ukiiuliza kwa mpango huo itakujibu kwamba Jumatatu ni 1. Ukiiuliza kwa mpango wake mwingine, Jumapili ni 0. Kwa Kiswahili Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ni ya pili, na Jumatatu inasema yenyewe ni ya ngapi. Anayejifunza kompyuta kwa Kiswahili anaambiwa kwamba tatu ni moja.

Kubwa zaidi ni hili neno "usiku wa Ijumaa". Baadhi yetu tulidhani ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, kama Wamarekani wanavyosema. Kwa bibi na kwa wengi wa pwani, siku huanza magharibi, jua likishatua. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Usiku wa Ijumaa ni ule ambao Kiswahili cha redioni kingeuita usiku wa kuamkia Ijumaa, na kalenda ya ukutani inauita Alhamisi. Tukaangalia: tarehe 4 Machi 2010 ilikuwa Alhamisi. Mzee alifariki saa tatu za usiku huo, akazikwa kesho yake, Ijumaa, baada ya sala. Kila neno la bibi lilikaa mahali pake.

Sasa tuwasimulie jambo lililotufurahisha kuliko yote. Saa za Afrika Mashariki ziko saa tatu mbele ya Greenwich, na saa za Tokyo ziko saa tisa mbele. Tofauti yake ni saa sita, na saa sita ndiyo tofauti kati ya saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu. Mwenzetu mmoja, akichezea mipangilio tu usiku, alirekebisha kumbukumbu ya bibi kuwa 2010-03-04 21:00:00+03, halafu akaiambia psql ionyeshe kwa saa za Asia/Tokyo, siku ya wiki na saa za 1 hadi 12. Skrini ikaandika:

Friday 03:00

Ijumaa, saa tatu. Yaani kompyuta ilitamka maneno ya bibi kwa kupitia Japani. Tulihakikisha mara kadhaa, na ni kweli kwa miaka hii ya karibuni. Saa sita usiku za Tokyo ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Hivyo siku ya Tokyo inageuka pale magharibi yetu inapokaribia. Hata zile alama za Kiingereza za AM na PM zinapata maana: AM inakuwa usiku wetu, PM inakuwa mchana wetu.

Hata hivyo tusijidanganye. Ukionyesha na tarehe, Tokyo itasema tarehe 5, ilhali bibi alisema tarehe nne. Katika sentensi moja bibi alitumia hesabu mbili: tarehe ya kalenda ya serikali, inayogeuka saa sita usiku, na usiku wa pwani, unaoanza magharibi. Yeye hakuona mgongano wowote, maana ameishi na hesabu zote mbili tangu utotoni. Hakuna mpangilio mmoja, katika programu yoyote tuliyoisoma, unaoweza kuonyesha sentensi yake nzima.

Tulichobadilisha

Tungeweza kumaliza kwa kulaumu vyombo. Lakini PostgreSQL haikutudanganya: ilikuwa na mpangilio, iliuandika wazi katika maelezo yake, na ingetujibu kama tungeuliza. Nasi tungeuliza kama tungejua kwamba tarehe kwenye skrini ni sura iliyochaguliwa na mtu, mahali fulani, kwa desturi ya kwao. Waliochagua MDY hawakuwa na nia mbaya. Hawakumfikiria bibi wa Tanga tu. Kumfikiria ni kazi yetu sisi, tunaomwita bibi.

Chama kimekubaliana mambo matatu. Kwanza, tarehe zote zinaingizwa kwa kuanza na mwaka, na saa za eneo zinatajwa, kama 2010-03-04 21:00:00+03. Pili, kila kumbukumbu ina safu ya maneno, ambamo tunaandika wakati kama mzee alivyoutamka, bila kuutafsiri: "usiku wa Ijumaa, saa tatu". PostgreSQL haikumbuki ni saa za wapi ulizoingiza. Inazigeuza zote kuwa za Greenwich na kusahau zilikotoka. Kwa hiyo tusipoyaweka maneno yenyewe, hakuna atakayeyaweka. Tatu, kabla ya kuchapa, mzee au mtu wa nyumbani kwake anasomewa tarehe kwa sauti pamoja na siku ya wiki. Siku ya wiki ndiyo iliyotufichua, kwa sababu watu husahau tarehe, lakini mjane hasahau kwamba alizika Ijumaa.

Kila tarehe ya zamani ambayo siku yake haizidi 12 tumeisikiliza upya kwenye rekodi. Kazi hiyo ilitumaliza likizo fupi ya masika, na tunawashukuru walimu wetu wawili waliokaa nasi.

Ukurasa wa bibi tumeuchapa upya. Tulimpelekea wenyewe, watatu, tukiwa na sukari na majani ya chai. Mjukuu wake akamsomea: "Alitutoka usiku wa Ijumaa, saa tatu, tarehe nne Machi 2010." Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Huyu ndiye." Kisha akatuuliza kwa nini kijitabu kilikuwa na kosa mara ya kwanza. Tukaanza kumweleza habari za Unix na Tokyo. Akatusikiliza mpaka mwisho, kwa subira, akatuambia: "Wajukuu zangu, mngeniuliza tu."